Kibendera cha Mama Sindano

Siku aliyoambiwa hospitali kwamba aachane na baiskeli, Mama Sindano aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akavaa viatu vyake, akatoka nje, akapanda baiskeli akarudi nyumbani. Alifika amejikunja kama kisu cha mfukoni. Mumewe alimtoa kwenye tandiko taratibu, kwa kumgeuza huku na huku, kama watu wanavyotoa kabati kwenye mlango mwembamba.

Alikuwa na miaka hamsini na minne, mwili wa kujaza kiti, na kazi ambayo pale mjini ilifanywa na watu wawili tu: kutengeneza cherehani. Yule mwenzake alikuwa na duka na watu walimpelekea mashine zao. Mama Sindano alizifuata zilipo. Alikwenda kwenye vyumba vya mafundi nguo, kwenye madarasa ya ushonaji, kwenye kiwanda cha sare, na kwa akina mama waliokuwa na mashine moja tu kando ya dirisha. Alisema cherehani ni kama mgonjwa mahututi: ukiibeba garini inafika na ugonjwa wa pili. Nyuma ya baiskeli alifunga sanduku la mbao lenye bisibisi, mafuta ya mashine, mikanda, bobini, na sindano za kila saizi katika vikebe vilivyoandikwa namba. Hapo ndipo jina lilipotoka. Wapo wateja waliokuwa naye miaka ishirini bila kujua jina alilopewa na wazazi wake.

Mgongo ulianza kumsumbua polepole, kisha ukamsumbua kwa haraka. Miaka thelathini ya kuinamia mashine na kuinua vichwa vya chuma vya cherehani ilikuwa imesukuma nje kisahani kimoja kati ya pingili mbili za kiuno, nacho kikawa kinabana mshipa. Binti aliyekuwa akimfanyisha mazoezi ya viungo alimweleza hayo kwa mfano wa mkate wenye jemu: ukiubana upande mmoja, jemu inatokea upande wa pili. Mama Sindano alielewa vizuri sana, na kwa wiki tatu aliendelea kupanda baiskeli kwa siri.

Binti huyo hakuwa mjinga. Safari ya pili aliona grisi ya mnyororo kwenye pindo la gauni. Hakumgombeza. Alifungua mtoto wa meza, akatoa gazeti la zamani, akamwonyesha picha ya mtu aliyeegemea nyuma kama yuko kwenye kiti cha kinyozi, miguu mbele, anaendesha baiskeli ndefu iliyo karibu na ardhi.

"Mama, kama kuacha huwezi," alisema, "basi angalau endesha hivi. Hapa mgongo umelala. Haubebi kitu."

Mama Sindano aliomba ile karatasi, akaikunja, akaenda nayo moja kwa moja kwa mchomeleaji aliyekuwa akimtengenezea vyuma vya meza za cherehani. Mchomeleaji aliitazama picha, akaigeuza juu chini, akaitazama tena, akauliza mgonjwa ni nani. Alipoambiwa mgonjwa ni yeye mwenyewe aliyesimama mbele yake, akacheka, kisha akachukua vipimo. Kazi ilimchukua mwezi mzima. Alitumia mabomba, kiti cha gari bovu, minyororo miwili iliyounganishwa ikawa mmoja mrefu, na usukani uliokaa chini ya mapaja, ili mikono itulie ubavuni. Sanduku la mbao lilirudi mahali pake nyuma ya kiti.

Siku ya kwanza kupita na chombo hicho mtaani, jirani mmoja alitoka mbio na khanga yake mkononi akiuliza ni nani aliyezidiwa na anapelekwa wapi. Kuanzia hapo chombo kile kikaitwa Machela. Mama Sindano hakuchukia. Miezi miwili baadaye aliweza kulala ubavu usiku mzima, jambo ambalo alikuwa ameshalisahau, na mtu aliyelala vizuri hagombani na jina.

Kasoro ilikuwa moja. Ukiwa juu ya Machela, kichwa chako kiko sawa na vioo vya pembeni vya magari madogo. Ukiwa kando ya lori, kiko sawa na tairi.

Asubuhi moja alikuwa akipita mtaa wa maghala ya mbao, ambako magari ya mizigo huegeshwa pande zote mbili mpaka barabara inabaki kama uchochoro. Gari moja dogo la mizigo lilichomoza kutoka njia ya pembeni. Mama Sindano alikamata breki, akakata kulia, akaingia kwenye lundo la maranda ya mbao mpaka kifuani. Hakuumia ila kiwiko. Lakini sanduku lilifunguka, mkanda wa begi lake ukakatika, na vikebe vya sindano vikamwagika vyote kwenye maranda.

Dereva alishuka mbio. Wakapiga magoti wote wawili, Mama Sindano akampa sumaku yake ya kuokotea sindano, na kwa robo saa nzima wakawa wanatafuta, saizi kumi na nne huku, saizi kumi na sita kule. Kila sindano aliyoipata, dereva alirudia maneno yaleyale: haki ya Mungu, mama, sikukuona.

Jioni, mezani, aliisimulia habari hiyo kama kichekesho. Mwanamke wa kilo tisini, gauni la maua makubwa, anaimba kwa sauti, halafu hakuonekana. Alisubiri mumewe acheke. Mumewe aliweka kijiko chini, akauliza gari lilisimama umbali gani kutoka kwenye miguu yake. Mama Sindano aliangalia pembeni akasema hakupima.

Mumewe alikuwa mchora mabango. Alikuwa ametumia maisha yake juu ya ngazi na majukwaa, akiandika majina ya maduka kwenye kuta, mishale ya kuelekeza zahanati, na maonyo ya umeme kwenye milango ya chuma. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Herufi alizozitoa kwa siku alizitoa kwa brashi. Kesho yake alirudi na ufito wa hema kuukuu, ule unaopinda bila kuvunjika, mrefu kuliko yeye mwenyewe, na kwenye ncha yake alikuwa amefunga kitambaa chekundu cha pembe tatu.

Mama Sindano alikitazama kile kitu kama anayetazama mashine iliyotengenezwa na fundi mwingine. Akasema yeye si meli, wala si gari la waziri. Akasema pia kwamba bendera hufuata upepo, na yeye tangu azaliwe hajafuata upepo wa mtu. Ndipo akatoa ile aliyoiona kuwa hoja ya mwisho.

"Mwenye macho haambiwi tazama."

"Ingekuwa kweli hiyo," mumewe akajibu, "mimi ningekuwa nimekufa njaa zamani. Miaka arobaini nawaambia wenye macho watazame, na bado wanapita mlango wa duka wakiuliza duka liko wapi."

Kilichobaki kwa Mama Sindano kilikuwa ukaidi. Ufito ukaegeshwa nyuma ya mlango wa jikoni. Ulikaa hapo siku kumi na moja, na kila aliyefungua mlango kwa nguvu alichapwa nao kichwani.

Kilichouondoa pale si mumewe bali mkanda wa begi. Mama Sindano aliupeleka kwa fundi viatu aliyekuwa na kibanda kando ya posta. Walijuana kwa miaka mingi. Yeye ndiye aliyemtengenezea fundi huyo mashine yake ya kushonea ngozi, na fundi ndiye aliyemshonea kila kitu kilichokatika. Miguu ya fundi viatu ilipooza akiwa mdogo. Alisafiri kwa baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, na ilikuwa chini karibu sawa na Machela. Mama Sindano alimsimulia habari za maranda na bendera akiwa na hakika kwamba amepata shahidi. Huyu alikuwa chini barabarani miaka ishirini na miwili bila kitambaa chochote, na bado alikuwa hai, anapiga nyundo.

Fundi viatu alimaliza kupitisha uzi kwanza.

"Dada, barabarani kuna dereva asiyekuona na kuna dereva asiyekujali," alisema. "Bendera ni ya yule wa kwanza. Yule wa pili, hata ukibeba mnara wa simu mgongoni, ni bure."

Mama Sindano alimuuliza wengi ni wa aina gani. Fundi akasema hajui, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya waliotaka kumgonga aliyesimama kuulizwa. Kisha akaongeza, huku akikata uzi kwa meno, kwamba kuna wakati alitaka kuweka bendera yeye pia. Hakuweka kwa kuogopa kwamba mtu kama yeye, akipita na kitambaa kinapepea, watu watadhani anaomba.

Hilo Mama Sindano hakulitegemea. Alirudi nyumbani polepole kuliko kawaida. Alikuwa akidhani aibu ya bendera ni yake peke yake, aibu ndogo ya mwanamke mnene asiyetaka kuchekwa. Kumbe mwenzake alikuwa ameibeba yenye uzito zaidi, na kimyakimya. Alimweleza mumewe yote. Mumewe alifikiri mpaka chai ikapoa, kisha akasema kwamba kubishana kumetosha, wapime. Herufi yoyote anayoiandika ukutani, alisema, huwa anashuka kwenye ngazi, anakwenda ng'ambo ya barabara, anageuka kuona kama inasomeka. Hakuna sababu ya kumfanyia mkewe kazi ndogo kuliko anayolifanyia duka la saruji.

Mpimaji alikuwa tayari ndani ya ukoo. Mdogo wa mchora mabango alikuwa dereva wa lori la kokoto, na Mama Sindano na shemeji yake huyu walitaniana kila walipokutana. Siku yake ya mapumziko alileta lori kwenye kiwanda cha matofali kilichofungwa, ambako barabara ya ndani ilikuwa imenyooka, ina nguzo za umeme kila baada ya hatua arobaini, na pembeni yake yalibaki mafungu ya matofali yaliyopangwa yakafika kifuani kwa mtu aliyesimama. Fundi viatu alialikwa pia. Alikuja na magurudumu yake matatu, akasema amekuja kutazama tu.

Kanuni aliziweka mchora mabango. Yeye alikaa ndani ya lori kando ya mdogo wake akiwa na daftari. Mdogo wake alitakiwa kuinamisha kichwa mpaka aambiwe, kisha atazame, aseme anaona nini na karibu na nguzo ya ngapi. Mama Sindano angekuja kutoka mbali, mara bila bendera, mara na bendera.

Kwenye barabara iliyo wazi, bila bendera, shemeji alimwona kwenye nguzo ya sita. Alisema ameona mtu amelala anakuja. Kwa bendera, alimwona kwenye nguzo ya sita vilevile. Alisema Machela yenyewe ni kioja, na macho hayana pazia. Bendera aliiona baadaye. Mama Sindano alifurahi waziwazi. Alisimamisha chombo chake karibu na fundi viatu, akamwambia kazi imekwisha, watu warudi wakapumzike.

Lakini mumewe alimtuma nyuma ya mafungu ya matofali, apite huko kisha atokeze barabarani, kama vile unavyotokeza kati ya magari yaliyoegeshwa. Bila bendera, shemeji hakuona kitu mpaka pua ya Machela ilipokuwa tayari barabarani. Kwa bendera nyekundu, hali ilikuwa karibu ileile. Shemeji alisema labda ameona kitu, labda hakuona. Mchora mabango alishuka, akaenda kusimama mbele, akatazama, akajishika kichwa. Alikuwa ameweka kitambaa chekundu mbele ya matofali mekundu. Fundi wa rangi wa miaka arobaini. Akaeleza kwa sauti ya chini, kama anayeungama, kwamba nyekundu ni rangi ya kwanza kufa jua likipungua, inakuwa kama nyeusi, na kwamba hilo analijua tangu ujana wake. Aliichukua kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mkononi na kwa kuwa alikuwa na hofu. Shemeji alitaka kucheka, akaacha.

Mama Sindano alifungua kilemba chake, cha njano ya ndimu iliyoiva, akakifunga kwenye ncha ya ufito badala ya kile chekundu, akarudi nyuma ya matofali kichwa wazi, mvi zake nje. Safari hii shemeji alipiga honi kabla hajaulizwa. Alikuwa ameona njano ikitembea juu ya matofali nguzo tatu kabla hajatokeza barabarani. Mwanamke hakumwona, alisema, aliona kilemba kinasafiri peke yake, na hilo linatosha kumfanya mtu yeyote aondoe mguu kwenye mafuta.

Basi wakaendelea, sasa kwa hamu ya wote. Wakagundua kwamba akienda taratibu na hakuna upepo, kilemba kinalala kwenye ufito kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, na faida inapotea. Wakasubiri jua literemke, wakajaribu naye akiwa amelipa jua mgongo. Shemeji akakinga macho kwa kiganja, akasema haoni bendera, haoni shemeji, na kwa kweli hata barabara anaikisia. Mchora mabango akaandika hilo pia, bila kupunguza neno.

Jaribio la mwisho halikuwa kwenye daftari. Shemeji mwenyewe ndiye aliyeliomba. Alimwambia Mama Sindano asogeze Machela mpaka kando ya lori, upande wa mbali na kiti cha dereva, karibu na tairi ya mbele, asimame hapo. Akamwomba ang'oe ufito kwanza. Akatazama mbele, akatazama kioo, akanyoosha shingo, asione kitu. Kisha akamwomba aurudishe. Kwenye ukingo wa dirisha ikatokea ncha ya kilemba, ikicheza, kama mtu aliye chini anagonga mlango aruhusiwe kuingia.

Shemeji alizima injini. Alikaa kidogo mikono ikiwa juu ya usukani.

"Shemeji," alisema mwishowe kupitia dirishani, na utani wote ulikuwa umemtoka. "Miaka kumi na mmoja naendesha lori hili. Hapo ulipo ndipo ninapokatia kona kila siku."

Alishuka. Akamwomba fundi viatu naye asogee mahali pale pale, akapanda tena kutazama, akashuka tena. Alizunguka lori lake mara mbili kama analinunua upya. Wiki iliyofuata alifunga kioo cha ziada upande ule, cha duara, na hakumwambia mtu mpaka walipokiona.

Nyumbani mumewe alisoma daftari lote kwa sauti. Mama Sindano alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba kwa hesabu hiyo jibu la bendera ni "pengine". Mahali pa wazi haina kazi, mbele ya jua haina kazi, bila upepo haina kazi. Mumewe akakubali yote. Kisha akasema mwavuli nao haukingi miguu, lakini hajawahi kumwona akiuacha nyumbani mvua ikinyesha.

Kuanzia hapo kazi ikawa ya Mama Sindano, na hapo hakuna aliyemwingilia. Alipata kipande cha kitambaa kile cha kijani-njano kinachowaka macho, cha vizibao wanavyovaa watengeneza barabara. Alikikata pembe tatu, pande mbili, katikati akaingiza kitambaa kigumu kinachowekwa ndani ya kola za mashati, ili bendera isilale hata upepo ukilala. Pembeni akashona utepe unaorudisha mwanga wa taa. Mishono ilikuwa mistari miwili iliyonyooka kama reli. Alishona mbili, akazipiga pasi, ya pili akaipeleka kwenye kibanda cha kando ya posta ikiwa ndani ya bahasha.

Alimwambia fundi viatu kwamba hamlazimishi. Alimwambia pia kwamba kitu kilichoshonwa vizuri hakionekani kama ombi; kinaonekana kama sare. Fundi aliipindua, akavuta mshono kwa kucha kama anavyofanya kwa viatu vya watu wengine, akakosa kasoro. Siku ya kwanza aliyopita nayo, watu watatu walimsimamisha kumuuliza kama anaziuza. Hakuna aliyedhani anaomba. Hata hivyo hakuwa mtu wa kushawishika moja kwa moja: kwa mwezi mzima aliisimamisha kwenye mtaa wa maghala ya mbao tu, akifika posta anaikunja na kuiweka kwenye sanduku la rangi za viatu. Baadaye akachoka kuikunja, ikabaki juu.

Je, ilisaidia? Mama Sindano aliulizwa hivyo mara nyingi, na hakuwahi kudanganya. Alijibu kwamba hakuna anayeweza kuhesabu ajali ambazo hazikutokea. Alichojua ni kwamba kwenye mtaa wa maghala magari yalianza kusita yakiwa bado kwenye njia za pembeni, kabla yeye hajayaona. Na alijua pia kisa cha gari dogo la bluu. Ilikuwa mchana mweupe, barabara wazi, na dereva wake, kijana mchangamfu, aliiona bendera kutoka mbali, akatabasamu, akampungia mkono, kisha akakata kona mbele yake kabisa. Mama Sindano alikamata breki mpaka tairi ya nyuma ikateleza. Alipita posta makusudi kumwarifu fundi viatu kwamba orodha yake haijakamilika, yuko dereva wa tatu: anayekuona, akakupenda, akakugonga. Fundi alicheka mpaka nyundo ikamponyoka. Lakini tangu siku hiyo Mama Sindano, akifika njia panda, hutafuta macho ya dereva kwanza, na asipoyapata husubiri, bendera au hakuna bendera.

Jambo moja hakulijua mpaka mwaka ulipokuwa unakwisha. Jioni moja walikuwa wakiosha vyombo, mumewe akamuuliza mashine za kiwanda cha sare zilikuwa na tatizo gani hata akatoka huko saa nane. Mama Sindano aliuliza nani kamwambia alitoka saa nane. Mumewe aliendelea kusuuza sahani. Akasema siku zile alikuwa anaandika jina la duka la vitabu, ghorofa ya pili kwa nje, na kutoka kwenye jukwaa unaiona barabara yote ya kiwandani. Mtu aliye kwenye Machela huwezi kumwona, magari yanamficha. Lakini kibendera unakiona kinapita juu ya mapaa ya magari, kinasimama kwenye njia panda, kinaendelea.

"Zamani nilikuwa nafanya kazi moyo ukiwa juu, mpaka nirudi nisikie kengele ya baiskeli yako mlangoni," alisema. "Sasa nafanya kazi tu."

Mama Sindano alichukua ile sahani mkononi mwa mumewe, akaifuta, akaifuta tena. Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu huwa anasikilizia kengele. Alimmegea kipande kikubwa cha keki iliyokuwa kabatini, akamwekea mbele yake, na yeye akakaa kumtazama akila.

Asubuhi yake alikuwa na kazi shuleni, darasa la ushonaji, mashine nne na moja kati yake ilikuwa haikubali uzi tangu Jumatatu. Njia fupi haikupita duka la vitabu. Alichukua njia ndefu. Alipofika chini ya jukwaa hakuinua kichwa, maana kwenye Machela ukitazama juu sana unayumba. Alinyoosha mkono nyuma tu, akaushika ufito, akautikisa mara tatu. Juu kule mchora mabango aliinua brashi kumjibu, na tone la rangi ya bluu likamdondokea mwenye duka begani. Mwenye duka akaanza kulalamika. Mama Sindano alizisikia kelele nyuma yake, lakini taa za barabarani zilikuwa zimewaka kijani na nyuma yake kulikuwa na gari linasubiri, basi akakanyaga, akakata kona ya shule.